Cairn na Call of Cthulhu: kwenye mmoja ukijua unapona, kwenye mwingine ukijua unaumia

Mshika_Mwenge (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila linapoibuka swali la "nianze na mchezo gani wa kuigiza wahusika", yaani ile ya mezani ambayo mwendeshaji anasimulia dunia, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua mambo ya hatari, majibu huwa yale yale. Hutaki kusoma sana? Chukua wa njozi wenye kanuni chache. Unataka kuogopa? Chukua wa kutisha. Halafu watu wanaanza kuhesabu kurasa. Nimeendesha aina zote mbili kwa muda mrefu, na unene wa kitabu haujawahi kunieleza chochote kuhusu kitakachotokea mezani. Kinachonieleza ni swali moja: mhusika wako akigundua jambo jipya, amepona au ameumia?

Nitatumia michezo miwili ninayoifahamu vizuri. Upande wa njozi ni Cairn wa Yochai Gal, uliotoka mwaka 2020 ukiwa umejengwa juu ya Into the Odd wa Chris McDowall na Knave wa Ben Milton. Upande wa kutisha ni Call of Cthulhu wa Sandy Petersen, uliotolewa na Chaosium mwaka 1981. Kwa huu wa pili nazungumzia toleo la saba.

Nianze na Cairn. Mhusika ana sifa tatu tu: nguvu, wepesi na nia. Kila moja unairushia dadu tatu za pande 6, unajumlisha, unaandika. Huchagui kama wewe ni mpiganaji au mchawi. Ulichobeba ndicho kinachoonyesha wewe ni nani, na una nafasi 10 tu za kubebea. Una kinga kidogo, dadu moja ya pande 6, nayo si damu yako. Ni ule uwezo wa kuponea chupuchupu kabla pigo halijakufika mwilini. Ukifanya jambo la hatari unarusha dadu ya pande 20 na unatakiwa upate namba iliyo sawa na sifa yako au chini yake.

Sasa njoo kwenye mapigano. Hakuna kurusha dadu kuona kama upanga umempata adui. Upanga unapata, kila mara. Unarusha moja kwa moja dadu ya madhara, unaondoa kiasi kinachozuiwa na deraya, kinachobaki kinakula kinga, na kinga ikiisha kinakula nguvu zenyewe. Hapo unarusha tena dhidi ya nguvu ambazo zimeshapungua. Ukishindwa uko chini, unatambaa, na usipohudumiwa ndani ya saa moja umekufa. Mhusika mwenye kinga 3 akikutana na shoka la dadu ya pande 8 hana hesabu ndefu ya kupiga.

Ungekuwa mchezo wa kuonea watu kama si agizo moja lililo kwenye mwongozo wa mwendeshaji: mchezaji harushi dadu ili kujua hali inayomzunguka. Akiuliza anajibiwa, tena kwa ukweli.

Mfano. Wachezaji wamefika kwenye mlango wa kaburi la kale. Ninawaambia kizingiti kina mikwaruzo mipya, vumbi la upande wa kushoto limetulia ila la kulia limefagiliwa, na kuna harufu ya mafuta. Mmoja anauliza mikwaruzo inaelekea wapi. Juu, namjibu, mpaka kwenye ufa wa dari. Sijamwambia arushe dadu ya kutambua mtego. Ameshajua kuna kitu kinashuka kutoka kule. Kuanzia hapo kazi ni yao: wana kamba, wana ufito mrefu, mwenzao mmoja ana nyundo na vigingi vya chuma. Wanaamua kupigilia vigingi kwenye ufa ili jiwe lisiteremke. Dadu bado zimelala mezani, na watu wameinama wanabishana kama vigingi viwili vinatosha au wakate na kipande cha ufito waongezee. Raha ya Cairn iko pale pale. Mwendeshaji anamwaga taarifa bila uchoyo, kwa sababu bila taarifa kifo kinakuwa ajali tu, na mchezaji hana cha kujifunza.

Usilolijua ni kama usiku wa kiza, walisema wahenga, na Cairn imeugeuza usemi huo kuwa kanuni.

Call of Cthulhu inaupindua. Ukitazama karatasi ya mhusika utaona sifa nane kwa asilimia, bahati pembeni, na orodha ndefu ya ujuzi: kutumia maktaba, kusikiliza, kuona kilichofichika, sheria, uhasibu. Inaonekana nzito, ila ukishaelewa kurusha asilimia, yaani dadu mbili za pande 10 zinazokupa namba mpaka 100, nawe unatakiwa upate iliyo sawa na ujuzi wako au chini yake, umeelewa sehemu kubwa. Kwenye orodha hiyo kuna ujuzi mmoja ambao kila mhusika anauanza akiwa na sifuri, na hauruhusiwi kuuwekea pointi unapomtengeneza. Ni elimu ya Mythos, yaani ukweli kuhusu viumbe wa kale walio nyuma ya dunia tunayoiona. Kwingineko kwenye karatasi kuna utimamu wa akili. Kiwango cha juu kabisa ambacho utimamu wako unaweza kufika ni 99 ukitoa elimu hiyo. Maana yake kila unachojifunza kinashusha dari, na dari ikishashuka hakuna mapumziko wala daktari wa kuipandisha.

Halafu kuna kanuni ambayo mimi naipenda kuliko zote kwenye michezo hii. Mhusika ameona jambo la kutisha, amerusha dadu ya utimamu, amepoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo. Anarusha dadu ya akili, ule uwezo wa kufikiri. Akishindwa, ubongo unakataa kuelewa ulichokiona, unalifukia jambo, na anaendelea. Akifaulu, ndipo anapopagawa. Mwenye akili ndiye anayevunjika, kwa sababu ameelewa. Na wazimu wa mara ya kwanza unaosababishwa na viumbe hao unampa pointi 5 za elimu ya Mythos papo hapo, kwa hiyo dari inashuka tena.

Kwa hiyo michezo yote miwili ina wahusika dhaifu wanaokufa kirahisi. Ila kwenye Cairn mchezaji mzuri ni yule anayeuliza sana. Kwenye Cthulhu kila swali lina bei, na mchezaji mzuri ni yule anayeilipa kwa hiari kwa kuwa mhusika wake hawezi kuacha kuuliza. Mwendeshaji asiyeliona hili ataendesha mchezo mmoja kwa tabia za mwingine, na watu watasema kanuni ni mbovu.

Karibuni tujadili.

Kurasa_Kavu

Mkuu, umeeleza vizuri na hiyo kanuni ya dadu ya akili hata mimi naiheshimu. Ila kuna tatizo umelipita. Unasema kwenye Cthulhu maarifa ndiyo jeraha. Sawa. Sasa kama maarifa yenyewe yamefungiwa nyuma ya dadu, mnajeruhiwaje? Nimewahi kukaa kwenye meza ambako barua ya muhimu ilikuwa ndani ya droo, kila mmoja akarusha dadu ya kuona kilichofichika, kila mmoja akakosa. Ujuzi huo mtu asiyeuwekea pointi anaanza na asilimia 25 tu. Mwendeshaji akang'ang'ania dadu zimesema hapana. Kisa kikafia pale. Hatukuogopa, hatukujua, tulikaa tu tukizunguka chumba kile kile. Kwenye Cairn barua ile ningeambiwa ipo mara tu niliposema nafungua droo.

Mshika_Mwenge

Kurasa_Kavu, hoja yako ni nzito na kuna watu waliotengeneza mchezo mzima kwa ajili yake. Mwaka 2008 Kenneth Hite alitoa Trail of Cthulhu, akitumia mfumo wa GUMSHOE wa Robin Laws. Kanuni ya msingi mle ni kwamba dokezo linalohitajika ili kisa kisonge halirushiwi dadu kamwe. Una ujuzi unaofaa, uko mahali panapofaa, unalipata. Dadu zinabaki kwa ajili ya kukimbia, kupigana na kustahimili.

Hata bila kuhama mchezo, toleo la saba la Call of Cthulhu lina dawa. Ukikosa dadu ya ujuzi unaweza kuomba kusukuma: unaeleza unaongeza juhudi gani au unajiweka kwenye hatari gani, kisha unarusha tena. Ukikosa mara ya pili mwendeshaji anakuletea matokeo mabaya, na anaruhusiwa kukudokezea kabla hujarusha. Tuchukue droo yako. Umekosa mara ya kwanza. Unasema unaing'oa droo yote na kugonga mbao za nyuma. Mimi nakwambia sawa, ila ukikosa sasa, mwenye nyumba atakuwa ameshafika ngazini. Ukipata, una barua. Ukikosa, bado naweza kukupa barua, pamoja na mtu mlangoni. Mapigano na dadu za utimamu havisukumwi, nadhani unaona sababu.

Dadu ya kutafuta kwenye mchezo wa kutisha inafaa ijibu mtapata kwa gharama gani. Swali la mtapata au hamtapata liwe limeshajibiwa na aliyeandaa kisa, kabla watu hawajaketi.

Binti_Simulizi

Nimesoma yote kwa furaha, ila mbona mnajadili hofu kana kwamba inakaa kwenye karatasi? Hofu inakaa mwilini.

Wangapi humu wamecheza Dread? Epidiah Ravachol na Nat Barmore waliutoa mwaka 2005, na hauna dadu hata moja. Katikati ya meza kuna ule mnara wa vipande vya mbao vya Jenga. Mhusika wako akifanya jambo gumu unachomoa kipande na kukiweka juu. Mnara ukianguka mikononi mwako, mhusika ametoka kwenye kisa: amekufa, amepagawa, ametoweka. Unaweza kukataa kuchomoa, na hapo unakubali kushindwa jambo ulilotaka kufanya. Unaweza pia kuuangusha makusudi ili mhusika ajitoe mhanga na afanikiwe.

Mwanzoni mnara ni imara na watu wanapiga soga. Baada ya muda kila kipande kinachoguswa kinaufanya uyumbe, na unamwona mtu mzima amezuia pumzi, wenzake wameondoa viwiko mezani bila kuambiwa. Hakuna aliyepoteza utimamu kwenye karatasi. Vidole vyenyewe vinatetemeka. Hapo maarifa yameingiaje, kaka? Mimi naona kanuni yako inafaa Cthulhu na ndugu zake tu.

Dadu_Moja

Binti_Simulizi yuko sahihi kuhusu mnara. Mimi naongeza jingine: tusiseme "kanuni chache" ni mali ya njozi. Cthulhu Dark wa Graham Walmsley una kanuni chache kuliko hata Cairn, na unatisha.

Mshika_Mwenge

Dada Binti_Simulizi, kuhusu mnara sina ubishi. Hofu ya vidole ni ya kweli, na hakuna dadu inayoweza kuiga ule ukimya. Ila tazama kinachofanyika kwenye Dread kabla mnara haujaguswa. Kila mchezaji anapewa dodoso la maswali kuhusu mhusika wake, na maswali yanakuwa yameandikwa kwa kumchokonoa. Hayaulizi jina na kazi tu. Yanauliza ni nini ulimfanyia ndugu yako ambacho hajawahi kukijua, au kwa nini hulali tena na mlango ukiwa umefungwa. Mchezaji anajibu kwa mkono wake. Mwendeshaji anachukua karatasi zile na kuzijenga ndani ya kisa. Kwa hiyo maarifa yapo, yamehama tu upande: safari hii mwendeshaji ndiye anayekujua, na wewe ndiye uliyemwambia. Mnara unapoyumba, kinachokusubiri upande wa pili umekitaja mwenyewe.

Dadu_Moja, Cthulhu Dark ni mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeuleta mimi. Una namba moja tu kwenye karatasi yako, kiwango cha ufahamu, kinachoanzia 1. Ukiona jambo la kuogofya unarusha dadu ya pande 6; ikizidi kiwango chako, kinapanda kwa moja. Kikifika 6 umeuelewa ukweli wote na mhusika si wako tena. Na kuna kanuni kwamba ukipigana na kiumbe chochote cha kutisha utakachokutana nacho, unakufa. Imekwisha. Mwandishi amekata kila kitu, ameacha ufahamu peke yake, na kitisho kimebaki chote. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu wingi wa kanuni: ndiyo maana nilisema tuache kuhesabu kurasa.

Mzee_wa_Ramani

Wanangu, mimi ni mtu wa njozi, na nitasema upande wangu. Mnaisifu Cairn kwa maswali na majibu, ila hamjamweleza msomaji mgeni kwamba kanuni chache hazimaanishi kanuni legevu. Zile nafasi 10 za mizigo ni kanuni kali kuliko nyingi za vitabu vinene. Kitabu cha uchawi kinachukua nafasi. Yeyote anaweza kukisoma na kutoa uchawi akikishika kwa mikono miwili, lakini kila akifanya hivyo anapata uchovu, na uchovu nao unakaa kwenye nafasi ya mzigo. Nafasi zote 10 zikijaa kinga yako inakuwa sifuri. Sasa wazia umetoka shimoni na sanamu ya dhahabu inayochukua nafasi mbili, umetumia uchawi mara tatu, na mbele kuna watu wenye mikuki. Unatupa nini? Chakula? Kamba? Sanamu? Nimeona ndugu wakigombana kwa nusu saa kuhusu kamba.

Hapo hakuna utimamu wala wazimu, na moyo unaenda mbio vile vile.

Halafu kukua. Cairn haina pointi za uzoefu wala ngazi za kupanda. Pigo likikushusha kinga mpaka sifuri kamili, si chini ya hapo, unaangalia jedwali la makovu, na kovu linaweza kukubadilisha hata kwa wema. Mengine yote unayapata kwa kukutana na dunia: kifaa, rafiki, siri ya mahali. Vijana waliozoea kupanda ngazi wanalalamika mwezi wa kwanza. Wakizoea, wanaanza kuandika vitu kwenye daftari ambavyo mwendeshaji mwenyewe alishavisahau.

Mshika_Mwenge

Mzee, shikamoo, na asante. Hilo la kukua limenipa jambo la kulinganisha. Kwenye Call of Cthulhu mhusika naye anakua, kwa njia ya ajabu kidogo. Ukifaulu kutumia ujuzi unauwekea alama. Baadaye, mwendeshaji akiruhusu, unarusha asilimia, na ukipata namba inayozidi ujuzi wako unaongeza dadu moja ya pande 10. Mjuzi anapanda polepole, mgeni anapanda haraka. Kwa hiyo baada ya visa kadhaa una mtu aliyebobea maktabani, anasikia hatua zikiwa mbali, anasoma lugha zilizokufa, na wakati huo huo utimamu wake unashuka. Kadiri utimamu unavyoshuka ndivyo dadu za utimamu zinavyozidi kushindwa, kwa kuwa unarusha dhidi ya namba iliyobaki. Anakuwa mahiri zaidi wa kupata kile kile kinachomuua. Mhusika wa Cairn anayejua mengi ni hazina ya kundi. Wa Cthulhu anayejua mengi, wenzake wanaanza kumwangalia usoni kabla ya kumpa bastola.

Mgeni_Mezani

Samahanini wakubwa, kuuliza si ujinga. Tuna kundi dogo na tumeshazoea Cairn. Je, siwezi kuchukua Cairn hiyo hiyo nikaendesha kisa cha kutisha? Niongeze tu namba ya hofu, basi. Naona kama ni rahisi kuliko kujifunza mchezo mpya.

Kurasa_Kavu

Inawezekana, ila namba ya hofu haitakusaidia. Wachezaji wako watafanya kile walichozoea: watauliza, watachunguza, watatega, watamzunguka huyo jinamizi na kumwangushia dari. Kwenye Cairn hata maadui wana dadu ya ari. Akianguka wa kwanza wao, na tena wakipungua nusu, wanarusha dhidi ya nia na wanaweza kukimbia. Mfumo mzima unasema kila kitu kina njia ya kushindwa ukikijua vizuri. Ukiacha hilo kama lilivyo, umeandaa kisa cha uwindaji chenye giza. Kizuri, lakini si cha kutisha.

Binti_Simulizi

Mgeni, kabla hujakata tamaa tazama Mothership wa Sean McCoy, uliotoka mwaka 2018. Ni wa kutisha, uko angani ndani ya vyombo vilivyochakaa, na tabia yake ni ya jamaa hawa wa kanuni chache: mwendeshaji anajibu maswali, wachezaji wanatega na kupanga. Tofauti ni msongo. Unaanza na 2. Kila dadu unayoshindwa inakuongezea 1. Ukifika wakati wa kiwewe unarusha dadu ya pande 20. Ukizidi msongo wako umepona, usipozidi unasoma jedwali na hapo mhusika anafanya asilolitaka. Nilimwona mtu akiwa na mpango mzuri kabisa wa kufunga mlango wa chumba cha hewa. Mpango ulikuwa sahihi. Mikono ya mhusika wake ndiyo iliyoshindwa, kwa sababu ya makosa madogo madogo ya nusu saa iliyotangulia.

Kaka Mshika_Mwenge, huu nao unaingiaje kwenye maelezo yako?

Mshika_Mwenge

Unaingia katikati, dada, na ndiyo sababu nausifu. Kwenye Mothership maarifa bado yanaokoa, kama Cairn. Kinachoharibika ni yule anayetakiwa kuyatumia. Unajua hasa la kufanya, na unajua kwamba huenda usiweze. Hiyo ni aina ya tatu ya hofu, na kwa kundi linalotoka Cairn ni daraja zuri kuliko kurukia Cthulhu moja kwa moja.

Mgeni_Mezani, ukiamua kubaki na Cairn, badilisha mwenendo wako kabla ya kubadilisha kanuni. Endelea kujibu kila swali kwa ukweli. Ukianza kudanganya utavunja imani ambayo mchezo umesimama juu yake. Ila andaa kisa ambacho jibu la kweli ni zito kulibeba. Wakiuliza kwa nini watu wa kijiji hawazimi moto usiku, waambie. Wakiuliza nani alifukua kaburi, waambie ni aliyemo ndani yake. Usiongeze namba ya hofu; tumia uchovu uliopo. Aliyeona jambo lile anabeba uchovu unaokaa kwenye nafasi ya mzigo, na usingizi wa kawaida hauuondoi mpaka jambo lenyewe limeshughulikiwa. Wachezaji wa Cairn wanaelewa mizigo. Wakiona nafasi zao zinajaa kwa sababu ya walichokijua, watapata maana bila wewe kueleza.

Mzee_wa_Ramani

Kabla ya yote hayo, kundi likubaliane. Kwenye njozi mtu akiguswa na jambo baya kwa kawaida anacheka na kupita. Kwenye kutisha tunakusudia kumgusa mtu, kwa hiyo ni wajibu kuuliza mapema ni mambo gani hayataingia mezani kabisa, na yapi yatatajwa kwa mbali bila kuelezwa. Ipo pia kadi ya X aliyoibuni John Stavropoulos: kadi yenye herufi X katikati ya meza, yeyote akiigusa jambo linalosimuliwa linaachwa hapo hapo, na haulizwi sababu. Kwenye meza yangu haijawahi kupunguza hofu. Watu wanathubutu kwenda mbali zaidi wakijua mlango uko wazi.

Kurasa_Kavu

Naunga mkono. Hasa kwa michezo iliyotokana na maandishi ya H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha aliyembuni Cthulhu, ambaye ubaguzi wake wa rangi umejaa kwenye kazi zake. Viumbe vyake vichukuliwe, dharau yake kwa watu iachwe. Hilo nalo lisemwe mapema mezani.

Mgeni_Mezani

Nimewaelewa wote. La mwisho: nikitaka kujaribu vyote viwili bila gharama, naanzia wapi? Tuko watatu pamoja na mimi.

Mshika_Mwenge

Maandishi ya Cairn yanapatikana bure mtandaoni chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili, kubadilisha na hata kutafsiri, mradi umtaje mwandishi na kazi yako uitoe kwa leseni hiyo hiyo. Call of Cthulhu ina kijitabu cha kuanzia ambacho Chaosium wanakitoa bure, chenye kanuni za msingi na kisa kimoja cha nyumba yenye mambo. Kisa hicho ni kizuri sana kwa wachezaji wawili. Mwendeshaji akisome chote kabla, na wachezaji wasikiguse kabisa.

Kwa dadu, seti moja ya kawaida yenye pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20 inatosha kwa Cairn. Kwa Cthulhu hakikisha mna mbili za pande 10 zenye rangi tofauti, moja ya makumi na moja ya mamoja, na mkubaliane ipi ni ipi kabla ya kurusha.

Wahusika wa Cairn mtatengeneza mezani pamoja, ni kazi ya dakika chache. Wa Cthulhu uwatengeneze siku iliyotangulia, na umwulize kila mchezaji swali moja kama yale ya Dread: ni jambo gani mhusika wako hawezi kuliacha bila kulijua. Majibu yao mawili yaweke ndani ya ile nyumba.

Mgeni_Mezani

Mmoja ameshajibu. Ameandika: "Kaka yangu alikuwa anaongea na nani usiku." Naenda kusoma kijitabu.